Neno la Bibi wa Kituoni

"Sabun?" aliuliza bibi kitandani, akimkazia macho mwalimu wa lugha aliyesimama mlangoni.

Muuguzi akacheka kidogo. Ndiyo hivyo tu, alieleza, kila mwanaume akiingia anaulizwa hilo hilo. Wameshampa sabuni ya kipande, ya unga na ya maji, zote kazisukuma. Kuokotwa, aliokotwa kituo cha mabasi, hana kitambulisho wala mfuko. Wodi nzima ilikuwa imenyoosha mikono. Ndipo wakaomba chuo kiwaletee mtu wa kusikiliza lafudhi yake na kuwaambia ni wa wapi.

Mwalimu alivuta kiti, akakiweka mbali na kitanda. Tangu aingie, mwili ulikuwa umemfa ganzi. Hakuona huruma, hakuona hata uchovu.

"Mkijua atokako?"

"Tutamrudisha kwa wanawe, wamtunze."

"Na msipojua?"

"Makao ya wazee, mwalimu. Akae huko mpaka Mungu amchukue."

Bibi aliuliza tena, polepole, shingo kainyoosha. Mwalimu akageukia dirisha, akaanza kufundisha, maana kufundisha angeweza hata usingizini. Hilo, dada yangu, ni neno lililotembea. Waarabu wanalo, Waturuki wanalo, Wahindi na Wamalei wanalo, na Wareno wanalo kwa namna yao. Ukilifuata nyuma unawakuta Warumi wa kale, ambao walilitumia kwa kitu cha kupaka nywele ziwe nyekundu. Hata wa hapa hapa, meno yakimwisha, irabu ya mwisho huimeza. Mtu mwenye neno hilo moja tu anaweza kuwa wa popote.

"Kwa hiyo hatujui," alisema muuguzi.

"Hatujui."

Muuguzi alishusha pumzi. Alikuwa amemzoea bibi wa watu, na roho ilimuuma. Alimletea mwalimu karatasi, naye akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba asili haijulikani, akatia saini. Akaaga kwa adabu zote.

Alishuka ngazi bila haraka, mikono mfukoni. Wiki iliyopita, kwenye kituo kile kile, yeye ndiye aliyemkalisha bibi huyo kwenye benchi, akamfunga leso vizuri kichwani.

"Mama, nisubiri hapa hapa," alimwambia. "Naenda kununua sabuni."