Vitenge vya Atupele

Sheria ilikuwa wazi: mgonjwa wa saratani ya damu hupimwa kromosomu kwanza. Zikiwa nzuri hupewa dawa; zikiwa mbaya hurudishwa nyumbani. Za Atupele zilikuwa mbaya.

“Nijaribuni tu, daktari. Wapo waliopona.”

“Wachache mno, mama. Sheria haiwahesabu.”

Alirudi kwa miguu yake mwenyewe, lakini habari zilikuwa zimemtangulia. Sebuleni alimkuta mama mkwe akiwagawia mawifi vitenge vyake yeye Atupele, mumewe akitazama ukutani.

“Mama, mimi bado ni mzima!”

“Tunajua, mwanangu,” mama mkwe alijibu kwa upole. “Kaa upumzike.”

Akaketi. Wifi mdogo aliinua kitenge cha zambarau, akamuuliza kama kikifuliwa huchuja rangi.

Atupele akamjibu kwamba hakichuji.