Kusomewa kwa Truphosa

Kitabu cha kemia kilirudi mezani kikinukia ubani.

Truphosa alikinusa mara ya pili, akakifunga. Juzi kilikuwa kimepotea cha bayolojia, kikaonekana kesho yake kwenye ngazi, kimelala kifudifudi kama mtu aliyechoka. Na nyumba ile ya Sparkbrook, mjini Birmingham, haikuwa na watu wengi: yeye mpangaji, mwenye nyumba Bi Mwanakhamis wa Unguja, na mumewe Mwadini, ambaye akitoka kiwandani hasomi hata bei ya samaki.

Mtihani wa kuingilia udaktari ulikuwa umeshamwangusha Truphosa mara moja. Chuo kikuu kilimwambia arudie. Akianguka tena, asirudi kuwasumbua. Huko Kakamega baba yake, mzee wa kanisa, alikuwa ameshawazoesha watu kumwita Daktari. Hata kuku wakiugua, majirani walikuwa wanauliza Daktari anarudi lini.

Njia za kujiandaa zilikuwa mbili. Aende masomo ya jioni mjini, akakae na walioanguka wenzake. Au afuate shauri la Bi Mwanakhamis, abaki nyumbani, asomee jikoni, tena kwa sauti.

"Kusoma kimoyomoyo ni kumeza bila kutafuna," mama yule alimwambia. "Nisomee mie. Nikifahamu mie mtu mzima, Mzungu wa mtihani hatafahamu?"

Truphosa akachagua jikoni. Kulikuwa na joto, na baridi ya Birmingham haina huruma na mwanafunzi.

Ikawa kila jioni anasoma, Bi Mwanakhamis anapika na kuuliza. Damu inachukuaje hewa? Asidi hii ikikutana na ile, nani anamshinda mwenzake? Truphosa alieleza mpaka chapati zikaungua. Mwanzoni alifurahi. Kisha akaanza kuona kwamba kila anapokwama, midomo ya Bi Mwanakhamis inacheza bila sauti. Tena mama huyo haishi kuuliza kama mtihani ni mwezi wa sita ule ule, kama hawajabadilisha siku.

Mtu asiyefanya mtihani, siku yake inamhusu nini?

Wachimba makaa ya mawe walipogoma na umeme ukakatika, Truphosa alikuwa anapapasa ngazi aende kutafuta mshumaa. Akasikia sauti chumbani kwa Bi Mwanakhamis, inapanda na kushuka kama ya watoto wa madrasa. Ubani ulikuwa unapenya chini ya mlango. Mwadini akauliza kitu, na mkewe akamjibu taratibu.

"Nasomea, bwana. Mpaka siku ya mtihani sinyamazi. Na ole wako umwambie yule mtoto."

Jumapili, baada ya ibada, Truphosa alimsimulia Magdalene, muuguzi Mkenya aliyewahi kufanya kazi Mombasa miaka mingi. Labda kusomea ni kusoma tu, Truphosa alisema, kama kwao. Magdalene alicheka mpaka kofia yake ya kanisani ikasogea.

"Kwenu Kakamega kusomea ni kusoma. Pwani mtu akikusomea, dada, ujue unatafutiwa sanda. Wanachoma ubani, wanakusomea halbadiri, na wewe unaanza kusahau hata jina lako. Umeshaanza kusahau?"

Truphosa akafikiri. Jana tu alikuwa amesahau mwavuli kwenye basi la Stratford Road.

Mtu wa sayansi haamini mambo hayo. Ila kutoyaamini ni rahisi zaidi ukiwa mbali nayo. Wiki haikuisha, Truphosa akajiandikisha masomo ya jioni na kufunga sanduku ahamie kwa Magdalene, mtaa wa Stechford.

Bi Mwanakhamis alisimama mlangoni akilia machozi ya kweli. Alimsihi avumilie mpaka mtihani upite. Alipoona haiwezekani, akamshika mkono.

"Basi walau njoo Jumamosi, mwanangu. Figo tu. Figo hatujazimaliza."

Magdalene, aliyekuja kusaidia kubeba sanduku, alimkanyaga Truphosa mguu. Kwanza vitabu, sasa mama anataka figo.

Huko Stechford Truphosa alisoma mdomo umefungwa, pazia limeshushwa, Biblia kando. Jikoni hakuthubutu kufungua kitabu. Akimwona mwanamke wa kanga upande wa pili wa barabara, anageuza njia. Darasani wenzake walimwona msichana mwenye kiburi asiyemwazima mtu hata rula.

Mwezi wa sita ukafika. Magdalene alimsindikiza mpaka lango la ukumbi, akamwombea kwa Kiingereza na Kiswahili, lugha yoyote isibaki wazi. Truphosa akapata meza yake nyuma, pamoja na wengine wanaorudia. Kisha akainua macho.

Mlangoni alikuwa Bi Mwanakhamis, koti juu ya kanga, anaangaza macho ukumbini kama anayetafuta mtu wake. Amenifuata mpaka huku, Truphosa aliwaza. Amekuja kumalizia.

Msimamizi alimwahi. Alimwambia kwa adabu kwamba wazazi wanasubiri nje. Truphosa akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze aliwashukuru Waingereza kwa sheria zao.

Bi Mwanakhamis hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa kadi. Msimamizi akaisoma, akamtazama, akaisoma tena. Kisha akamwongoza taratibu katikati ya meza, mpaka nyuma kabisa, akamvutia kiti kilichokuwa kitupu kando ya Truphosa.

Mama akaketi, akapanga kalamu zake, akaikinga karatasi yake kwa mkono.

"Tazama mbele, mwanangu," alinong'ona. "Usije ukaniibia."