Kiraka cha Debe

Baba Kinsi aliinua zulia la Volkswagen kuukuu aliyoinunua Keringet juma lile, akaganda na bisibisi mkononi.

Siku za kazi alikuwa fundi cherehani mjini Nakuru. Jumapili zake zilikuwa za magari mabovu: kuyanunua, kuyafufua, kuyauza. Kiraka cha gari alikijua kama kiraka cha suruali.

Na hiki kilichokuwa sakafuni chini ya zulia kilikuwa chake. Bati la debe la mafuta, ribiti saba, na ile K iliyoandikwa kinyume, ambayo bintiye aliikwaruza kwa msumari alipoanza kujifunza kuandika.

Lakini gari alilolitia kiraka hicho lilikuwa jeupe, si la kijani kama hili. Alimpa kaka yake. Mwaka juzi waliambiwa limewaka moto kule Ndabibi, kaka akiwa ndani. Waliletewa sanduku lililopigiliwa misumari, wakazika bila kuona uso.

Akaipapasa K. Akainama, akalinusa bati. Hata chembe ya masizi hakuna.

Mkewe alichungulia dirishani. "Baba Kinsi, hiyo gari imewaka?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ngeni.

"Sijui," akasema. "Wallahi, mama, sijui."