Paka wa Marehemu

Fundi cherehani alibandika sikio ukutani. Upande wa pili, wifi yake alikuwa anasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata shauri: "Leo huli. Lia utakavyo, huli."

Paka akalia.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao nyembamba. Mume wa fundi alipofariki, mjane na dada wa marehemu waligawana nyumba katikati, wakagawana sufuria, kisha wakaacha kusemeshana. Paka peke yake hakugawanyika. Alilala kwa fundi, akanywa maziwa kwa wifi, na kila mmoja aliamini kwamba mwenye paka ni yeye.

Mwaka wa tano, fundi alipapasa tumbo la paka akakuta uvimbe wa ukubwa wa harage kwenye ziwa moja la kushoto. Daktari wa wanyama hakuzungusha maneno.

"Kwa paka, uvimbe wa ziwa mara nyingi ni saratani. Nitatoa safu yote ya matiti ya kushoto. Akipona, baada ya mwezi nitoe na ya kulia. Uvimbe bado mdogo, mama. Tukimaliza kazi anaweza kuishi miaka. Tukiishia njiani uvimbe utarudi, na ukirudi unakwenda mapafuni."

Safu ya kushoto ilitoka salama. Lakini paka alilia siku tatu, na wiki nzima hakutaka kumtazama fundi usoni. Jambo hilo lilimuuma fundi kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Daktari alipopiga simu kuulizia safu ya kulia, alijibiwa, "Wiki ijayo," kama wajibuvyo mafundi cherehani wote. Akapiga tena. Wiki ijayo. Siku hiyo wifi aligonga mbao kwa mwiko, akauambia ukuta: "Kuna watu hawafai kufuga hata kuku!"

Sasa ilikuwa wiki ya tisa tangu upasuaji, na paka alikuwa amefungiwa kwa wifi bila chakula. Fundi alichungulia dirishani, akamwona wifi anatoka na kapu lililofunikwa kitambaa. Kapu lilikuwa linatikisika. Baada ya saa mbili wifi alirudi, kapu limekunjwa kwapani.

Fundi alidaka simu. Akampigia daktari.

"Daktari, paka wangu ametupwa!"

"Ametupwa?" Daktari akakohoa. "Usiwe na haraka, mama. Atakuwa amepumzika mahali."

"Na huyu naye anajiita daktari," fundi alisema, simu ikiwa imeshakatika.

Alitafuta siku mbili. Alipita kwenye mitaro, nyuma ya bucha na jalalani, akipiga mluzi kama alivyokuwa akipiga mumewe, ila wake ulitoka hewa tupu. Nguo za wateja zililala mezani bila mikono. Alijilaumu kwa kila wiki ijayo aliyoitamka, halafu akaona ni nafuu kumlaumu wifi.

Siku ya tatu alitoka hivyo hivyo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na mkasi mkononi, akaenda kwenye mlango ambao hakuwa ameugusa kwa miaka mitano. Hakupiga hodi.

"Umemtupa wapi? Mimi hukunitaka tangu siku ya kwanza, sawa, nimezoea. Paka wa ndugu yako amekukosea nini?"

Wifi alikuwa amekaa sakafuni, macho yamevimba, nywele hazijachanwa, kijiko cha dawa mkononi.

"Punguza sauti, wifi," alisema. "Ndiyo kwanza amepata usingizi tangu nimrudishe leo."

Akasogea pembeni. Nyuma yake, juu ya shati kuukuu la marehemu, paka alikuwa amelala chali, tumbo limenyolewa. Na upande wa kulia, kutoka kwapani hadi kwenye paja, fundi alihesabu nyuzi kumi na tisa mpya.