Shikamoo ya Redioni

Sheria ilisema redio ya mtaa ikifungwa, sauti ya mtangazaji inakuwa mali ya serikali. Redio ya Mwanakombo ilifungwa alipotangaza kwamba kiwanda cha betri kinamwaga sumu kwenye maji.

Asubuhi moja alimkuta mama yake jikoni akimpikia mjukuu uji kwa maji ya bomba.

"Mama! Maji hayo si nilikukataza?"

"Ulinikataza, halafu jana ukasema redioni ni salama. Tena kwa ile sauti yako ya upole, si hii ya kunifokea."

"Yule si mimi, mama! Ni mashine. Sauti yangu wameichukua."

"Mtaa mzima ulikuwa unaiamini sauti ile. Leo nisiiamini mimi niliyekuzaa?"

Mwanakombo aliinyakua sufuria, akaumwaga uji wote nje. Mtoto akaangua kilio. Ndipo taarifa ya habari ikaanza kwenye redio ya serikali, na sauti ya Mwanakombo ikafungua kipindi vilevile alivyozoea kukifungua yeye miaka yote: "Shikamoo, mama yangu uliye nyumbani."

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, uso umemkunjuka. Kisha akamgeukia Mwanakombo.

"Hebu nyamaza wewe, nimsikilize mwanangu."