Jina Chini ya Mpini

Bwana Ndimbo, mtunza makumbusho, alizitambua alama zote za ile bastola ya zamani ya polisi: nembo ya kiwanda, mwaka, namba ya kituo. Moja tu ilimshinda. Ndiyo maana akamwita Bi Mashavu, mtalaka wa askari aliyeibeba.

"Kila mwaka askari aliifungua bastola yake aipake mafuta," alisema Bwana Ndimbo, akilegeza skrubu. "Tazama ndani ya mpini, mama."

Kwenye mbao palichongwa kwa ncha ya msumari: TUMAINI. Chini yake palikuwa na mikwaruzo kumi na tisa.

"Hili jina silipati kwenye kitabu chochote. Ni la nani?"

Lilikuwa la mtoto wa Bi Mashavu na yule askari. Tumaini alikufa kwa surua akiwa na miaka mitatu. Siku ya maziko baba yake hakutoa hata chozi. Jioni ile ile akarudi lindoni. Kwa hilo Bi Mashavu alidai talaka, na mwezi uliopita askari huyo alipofariki, akakataa kwenda kumzika.

"Mama? Niandike nini?"

Aliushika mpini kwa mikono miwili. Kidole gumba kilipita juu ya mikwaruzo, mmoja baada ya mwingine, kisha kikarudi kwenye wa kwanza.