Simu ya Bi Sikudhani

Kampuni ya bima ilisamehewa kodi kwa ahadi ya kuajiri watu wa mji ule. Siku ya ukaguzi, meneja aliokota watu sokoni wajaze viti vya ofisi, waonekane wafanyakazi. Bi Sikudhani, muuza vitumbua, alipewa meza yenye simu.

"Mama, wewe ongea tu, chochote kile," meneja alimnong'oneza.

Mkaguzi wa serikali alipoingia, Bi Sikudhani aliweka mkonga wa simu sikioni. "Pole, mama. Nyumba yote imeungua? Hata cherehani? Usilie, tutakulipa." Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja, asiyasikie, moto ulipoteketeza nyumba yake mwenyewe.

Mkaguzi aliinama, akanyanyua waya wa simu usiochomekwa popote. Akabaki ameushika, akimsubiri Bi Sikudhani amalize.